Mzigo Mzito Apewe Nani? Ugomvi wa Kugawa Gharama za Kiwanda Tangu 1772

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wahasibu, nanyi vijana mnaojiandaa kwa mitihani ya bodi,

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Kiwandani mzigo mzito ni gharama isiyo na mwenyewe: pango la jengo, bima, uchakavu wa mashine, mshahara wa mlinzi na wa meneja uzalishaji. Wahasibu huziita ovahedi. Mafuta ya mawese tunajua yaliingia katoni ipi ya sabuni. Mshahara wa mlinzi uliingia katoni ipi? Hakuna ajuaye, kwa sababu haukuingia popote. Ungelipwa hata kama kiwanda kisingetoa mche mmoja. Lakini lazima utoke kwenye mauzo ya sabuni, na hapo ndipo watu wamegombana zaidi ya miaka mia mbili.

Nina dai moja leo. Ukiufuatilia ugomvi huu mwaka hadi mwaka, utaona kwamba mara nyingi watu hawakubishania gharama yenyewe. Walibishania kigawanyo. Kiasi cha juu kila mtu anakiona kwenye leja. Namba ya chini, ile tunayogawia, huchaguliwa na mtu. Na kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Tuanze na mfinyanzi. Mwaka 1772 msukosuko wa mikopo uliikumba Uingereza, na Josiah Wedgwood wa Staffordshire akajikuta ana vyombo vingi na fedha haba. Akakaa na vitabu vyake, akachambua gharama ya vyombo vyake vya mapambo kipengele kwa kipengele. Uchambuzi huohuo ulimfumbua macho kuhusu wizi uliokuwa ukifanyika ofisini kwake, jambo ambalo wakaguzi wa leo hawatalishangaa. Kilichobaki katika historia ya uhasibu, hata hivyo, ni alichokiona kuhusu kodi ya pango, kalibu, kuni za kupashia moto na mishahara ya makarani. Aliona kwamba hizi hazijali umetengeneza vyombo vingi au vichache. Alizifananisha na saa inayotembea. Basi ukitengeneza vingi, kila chombo kinabeba kidogo. Akaamua kupanua soko hadi kwa watu wa kipato cha kati, kwa bei ya chini.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa sharti moja: vyombo vya ziada viuzwe. Visipouzwa, gharama kwa chombo itashuka kwenye karatasi huku ghala likijaa. Sharti hilo litaturudia mara kwa mara.

Mwaka 1887, Emile Garcke na John Manger Fells walitoa huko London kitabu cha hesabu za viwanda. Msimamo wao ungeweza kuandikwa jana. Gharama za uendeshaji wa kampuni kwa jumla hazibadiliki sana, walisema. Ukizigawa kwa bidhaa zilizotengenezwa, gharama ya bidhaa itaonekana imeshuka kila biashara inapochangamka na imepanda kila inapodorora, ilhali fundi na malighafi ni walewale na zilezile. Ushauri wao: msizibebeshe bidhaa. Wengi hawakuwasikiliza, na sababu inaeleweka. Mwenye karakana aliyeombwa bei ya kazi alihitaji namba moja inayofunika kila kitu.

Namba hiyo aliipata kwa njia ya mkato: asilimia juu ya ujira. Karakana ikiwa na ujira wa shilingi milioni 10 na ovahedi ya milioni 15, kila shilingi ya ujira inabebeshwa asilimia 150. Kosa lake liko wazi ukisimama karakanani. Fundi mmoja yuko kwenye jiliwa na tupa mkononi, mwingine yuko kwenye kerezo kubwa linalokula umeme na nafasi. Kazi ya kila mmoja ina ujira wa 4,000, hivyo kila kazi inabebeshwa 6,000. Kazi ya tupa inamlipia mwenye kerezo. Ukitoa bei kwa hesabu hiyo, kazi za tupa utazikosa zote kwa sababu umezipandisha, na za kerezo utazipata zote kwa sababu umezishusha. Utakuwa na kazi nyingi na hasara.

Mhandisi Mwingereza Alexander Hamilton Church aliushambulia mtindo huo katika mfululizo wa makala za mwaka 1901. Alisema kila mashine itazamwe kama duka dogo ndani ya jengo. Duka hilo lipe pango kwa eneo linalokalia, uchakavu wake, umeme wake, vilainishi vyake na bima yake. Jumla igawe kwa saa zinazotarajiwa mwezi huo, upate kiwango cha saa ya mashine. Kazi ikikaa saa tatu kwenye kerezo, ibebeshwe saa tatu. Hadi hapo sina ugomvi naye, na karakana nyingi zinaishi na mbinu hiyo mpaka leo.

Ugomvi ni hatua yake ya mwisho. Mashine ikilala nusu ya mwezi, nusu ya gharama yake haitabebwa na kazi yoyote. Church aliyakusanya masalia hayo na kuyarudisha juu ya kazi zilizofanyika, kwa kiwango cha nyongeza. Yaani mteja aliyeleta kazi alipie pia wateja ambao hawakuja. Mwaka 1915 Henry Gantt, yuleyule wa chati ya Gantt, aliwaambia wahandisi wenzake wa Marekani kwamba hilo si gharama ya bidhaa hata kidogo. Bidhaa ibebe tu gharama iliyohitajika kuitengeneza. Gharama ya mashine iliyolala iende kwenye hesabu ya faida na hasara, ikiwa na jina lake, ili mkubwa wa kampuni aione na aulize kwa nini imelala.

Kwa maoni yangu, hoja ya Gantt ndiyo nzito kuliko zote katika historia hii. Mtazame asiyeifuata. Ovahedi yake ni milioni 60 kwa mwezi na alizoea kutoa katoni 20,000, kwa hiyo kila katoni ilibeba 3,000. Mauzo yakishuka, anatoa 15,000 na kila moja inabeba 4,000. Anaona gharama imepanda, anapandisha bei. Wateja wanapungua, anatoa 12,000, kila moja inabeba 5,000. Anapandisha tena. Hakuna kilichoharibika kiwandani, isipokuwa kigawanyo anachokibadilisha kila mwezi.

Ugomvi wa pili kati ya wahasibu ulianza rasmi mwaka 1936. Jonathan Harris aliandika katika jarida la chama cha wahasibu wa gharama wa Marekani makala iliyouliza tu: mwezi uliopita tulipata nini? Nitumie kiwanda chetu cha sabuni kuonyesha swali lilikotoka, na naomba mnaofuatilia kwa kalamu mfuatilie. Bei ni 12,000 kwa katoni. Gharama badilifu, yaani malighafi, vifungashio na ujira wa vibarua, ni 7,000. Ovahedi isiyobadilika ni milioni 60 kwa mwezi, uwezo wa kawaida ni katoni 20,000, kwa hiyo kila katoni inabebeshwa 3,000 na gharama yake kamili ni 10,000.

Mwezi wa kwanza tunatengeneza 20,000 na kuuza zote. Faida ni milioni 40 kwa njia yoyote utakayotumia: ile ya kubebesha bidhaa kila kitu, au ile ya gharama badilifu, inayoitoa ovahedi yote isiyobadilika kwenye mwezi wake bila kuipitisha kwenye bidhaa. Mwezi wa pili tunatengeneza 20,000, tunauza 15,000. Kwa njia ya kubebesha kila kitu, kila katoni iliyouzwa inaacha 2,000, jumla milioni 30. Kwa njia ya gharama badilifu, katoni 15,000 zinaleta mchango (bei ukitoa gharama badilifu) wa 5,000 kila moja, yaani milioni 75, toa milioni 60, inabaki milioni 15. Tofauti ya milioni 15 iko wapi? Iko ghalani. Katoni 5,000 zimekaa pale, kila moja imeficha 3,000 za pango na mshahara wa mlinzi.

Mwezi wa tatu ndio uliowachanganya wakubwa wa makampuni. Tunatengeneza 15,000, tunauza 20,000. Mauzo yamepanda kwa theluthi nzima. Njia ya gharama badilifu inasema milioni 40. Njia ya kubebesha inaanza na katoni 20,000 mara 2,000, milioni 40. Lakini uzalishaji umepungua kwa katoni 5,000, ovahedi ya milioni 15 haikubebwa, inabaki milioni 25. Mauzo yamepanda, faida imeshuka kutoka milioni 30. Nenda kamweleze hayo mkurugenzi wa masoko. Ukijumlisha miezi mitatu, njia zote mbili zinatoa milioni 95. Zimegombana tu kuhusu mwezi gani.

Harris na waliomfuata walidai faida ifuate mauzo, isifuate uzalishaji. Walikuwa na hoja nyingine ya chinichini: meneja anayelipwa bonasi kwa faida ya mwezi, chini ya njia ya kubebesha, anaweza kujipatia faida kwa kuwasha mashine na kujaza ghala, bila kuuza chochote cha ziada.

Wapinzani wao hawakuwa wajinga. Walijibu kwamba kampuni inayozoea kutazama mchango tu itaanza kuuza kwa 8,000, kisha 7,500, ikijipongeza kwamba kila katoni ina mchango. Katoni 20,000 zenye mchango wa 500 zinaleta milioni 10, na pango na mishahara vinasubiri milioni 60. Bei ya muda mrefu lazima ibebe kila kitu. Na neno «isiyobadilika» lina udanganyifu wake: mpe mtu miaka mitano, hakuna gharama isiyobadilika, mpe wiki moja, hata kibarua habadiliki.

Kwa hesabu zinazotoka nje ya kampuni, ugomvi ulikatwa na wanaotunga kanuni. Wamarekani walitamka mwaka 1953 kwamba kuacha ovahedi zote nje ya gharama ya mali ghalani si utaratibu unaokubalika. Waingereza wakafuata mwaka 1975 kwa kiwango chao cha tisa, na mwaka huohuo kikatolewa kiwango cha kimataifa IAS 2, ambacho Kenya na Tanzania tunakitumia tangu tulipopokea viwango vya kimataifa, Kenya mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004. Kinasema ovahedi isiyobadilika ya uzalishaji ibebeshwe bidhaa, lakini kwa uwezo wa kawaida. Kisichobebwa kwa sababu mashine zililala ni matumizi ya kipindi hichohicho. Uzalishaji ukipita kawaida, kiwango kwa kila kipande kishushwe, mali ghalani isithaminiwe juu ya gharama yake. Upotevu usio wa kawaida, gharama za utawala na za mauzo hazimo. Na za kuhifadhi hazimo pia, isipokuwa uhifadhi uwe hatua ya lazima kabla ya hatua nyingine ya uzalishaji. Soma vizuri mtaona kwamba Garcke na Fells walishindwa, lakini Gantt alishinda, miaka 60 baadaye.

Ndani ya kampuni hakuna kanuni, na Wajerumani waliitumia nafasi hiyo kuliko mtu yeyote. Eugen Schmalenbach alikwisha kuzitenganisha gharama hizi tangu 1899. Baada ya vita kuu ya pili, mhandisi Hans-Georg Plaut na profesa Wolfgang Kilger walijenga mfumo ambao kila kituo cha gharama kinapangwa mara mbili: sehemu inayopanda na kushuka na kazi, na sehemu inayobaki palepale. Sehemu ya kwanza ndiyo inayofuata bidhaa. Ya pili inafunikwa kwa tabaka: kwanza bidhaa yenyewe, kisha kundi la bidhaa, kisha kiwanda, kisha kampuni. Inahitaji vituo vingi mno na nidhamu ya kupanga kila mwaka. Mnaotumia programu ya SAP kuendesha hesabu za kampuni mnalala na fikra za watu hawa bila kujua.

Wachumi nao walitia neno. Mwaka 1938 Ronald Coase, wakati huo mwalimu kijana London, aliwaambia wahasibu katika mfululizo wa makala kwamba gharama ya uamuzi ni kile unachokiacha ulipoamua. Bei uliyonunulia mawese mwaka jana haina habari nayo. Uliza leo ungeyauza kwa ngapi. Wahasibu walimpigia makofi kwa heshima, wakaendelea na kazi zao. Hilo huwezi kulipigia muhuri wa mkaguzi.

Turudi kwenye kigawanyo, maana mwaka 1987 kililipuka upya. Thomas Johnson na Robert Kaplan walidai kwamba karibu kila mbinu ya uhasibu wa menejimenti iliyotumika Marekani ilikuwa imekwisha kubuniwa kufikia 1925, na tangu hapo vitabu vya gharama vilikuwa vinawatumikia wakaguzi badala ya mameneja. Ovahedi ilikuwa imekua sana kutokana na mitambo, wakati ujira umepungua, na bado watu wanagawa kwa ujira au kwa wingi wa bidhaa. Kaplan na Artemis March walichapisha mfano wa kiwanda cha vipuri cha John Deere, Waterloo, Iowa. Hesabu za zamani zilivifanya vipuri vya kutengenezwa kwa wingi vionekane ghali na vile vya oda ndogondogo vionekane rahisi. Fungu la ovahedi likagawanywa kwa shughuli saba.

Kiwanda chetu kinatosha kuonyesha. Tuseme katoni 18,000 ni sabuni ya kawaida na 2,000 ni ya manukato, na ndani ya ile milioni 60 kuna milioni 20 za kusafisha matangi na kutega mitambo upya, na kila utegaji tuuite mtego. Ukigawa kwa wingi, kila katoni inabeba 1,000 ya kazi hiyo. Lakini sabuni ya kawaida hutengenezwa kwa mitego minne mirefu kwa mwezi, ya manukato mitego 16 mifupi. Kila mtego ni milioni moja. Ya kawaida inabeba milioni nne, yaani shilingi 222 kwa katoni. Ya manukato inabeba milioni 16, shilingi 8,000 kwa katoni. Gharama yake inaruka kutoka 10,000 hadi 17,000, kabla hata ya kuhesabu manukato yenyewe. Unaiuza 14,000 ukidhani ndiyo inayokulisha.

Sasa hapa watu wengi hujikata kidole. Wakiiona 17,000 wanasema tuifute bidhaa hiyo, tuokoe milioni 16. Mafundi wa mitambo wana mshahara wa mwezi. Ukifuta sabuni ya manukato watakaa chini ya mwembe na mshahara utatoka vilevile, mpaka uwape kazi nyingine au uwapunguze. Hesabu ya shughuli inakuonyesha nani anatumia rasilimali. Haikuambii fedha zitakazorudi mfukoni mwezi ujao. Johnson mwenyewe aligeuka mwaka 1992 na kuwaonya wenzake waache kuinadi kupita kiasi.

Na kilichoiangusha mbinu hii katika makampuni mengi hakikuwa nadharia. Ilikuwa dodoso. Unampa fundi karatasi aandike asilimia ya muda wake kwa kila kazi, na kila karatasi inarudi ikijumlisha mia. Hakuna aliyeandika «asilimia 25 sina kazi». Kwa hiyo uvivu wa mitambo na watu unaingizwa kwenye bidhaa, na tumerudi kwa Church wa 1901. Kila kazi ikibadilika, dodoso linaanza upya.

Mwaka 2004 Kaplan na Steven Anderson walikuja na marekebisho yanayohitaji namba mbili tu. Ya kwanza ni gharama ya dakika. Mafundi wetu watano, saa 8, siku 22, ni dakika 52,800. Ondoa chai, mafunzo na kusubiri, chukua asilimia 80: dakika 42,240. Milioni 20 gawa kwa hizo, shilingi 473 na senti kidogo kwa dakika. Ya pili ni muda wa mtego mmoja: watu watano kwa saa tano, dakika 1,500, hivyo kama 710,000. Mitego 20 inabeba milioni 14.2. Milioni 5.8 zilizobaki zina jina: uwezo usiotumika. Msimwamini fundi wala meneja kwa zile saa tano. Simameni na saa mkononi kwa mitego mitatu au minne, ya mchana na ya usiku.

Sambamba na hao alikuwapo Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, aliyesema tangu 1983 kwamba uhasibu wa gharama ni adui namba moja wa tija. Yeye alitaka tutazame kizuizi kimoja tu. Kama tangi la kupikia ndilo linalobana, katoni yenye mchango wa 5,000 inayolishika dakika mbili ni duni kuliko ya 4,000 inayolishika dakika moja. Ni kweli kabisa, ilimradi kizuizi hakihami. Kikihama kila wiki, na kwetu huhama, ratiba yako inahama nacho.

Nimalizie na swali litakalowasubiri Desemba mnapohesabu mali ghalani. Uwezo wa kawaida ni ngapi mahali ambapo umeme hukatika? Kanuni inasema ni wastani wa uzalishaji unaotarajiwa kwa vipindi au misimu kadhaa katika hali ya kawaida, ukiwa umeondoa matengenezo yaliyopangwa. Kiwanda chetu kingetoa 20,000 umeme ukiwepo, lakini mgao umekifikisha 16,000. Meneja anataka kugawa kwa 16,000: kila katoni ibebe 3,750. Kama kuna katoni 4,000 ghalani, amesogeza milioni 3 kutoka kwenye hasara ya mwaka huu hadi kwenye mizania. Mkaguzi anataka 20,000. Ombeni daftari la jenereta na rekodi za kuzima na kuwasha za misimu mitatu au minne. Kama kila msimu wa kiangazi umekula saa zilezile, saa hizo ni sehemu ya hali ya kawaida, na meneja ana haki kwa kiasi hicho. Kama ni mwaka huu tu bwawa lilikauka, milioni 3 hizo ni za hasara, na ziandikwe kwenye mstari wake zenyewe.